Kibao cha Mbuzi Kwenye Kaunta ya Meli

Vijana wangu wa kaunta, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Sikuwajibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa niko nyumbani Mombasa, sina zamu wala sare, na jirani zangu wamechoka kupangwa foleni na mimi kwenye duka la mkate. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Anayetaka kujua nilivyopanda vyeo asipoteze muda wake humu. Nilipandishwa mara moja tu, na tofauti niliyoiona ni kwamba nilipewa kalamu iliyofungwa kamba.

Nilifika Dubai nikiwa mtu mzima, nimeshafanya kazi ya mapokezi ya hoteli kwetu Pwani hadi miguu ikaota sugu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilipanga kitanda katika fleti moja ya Al Muraqqabat, wanawake sita na jiko moja, na wakala mmoja wa meli za watalii akanichukua kwa sababu nilisema kwenye usaili kwamba sipandwi na hasira. Nilisema uongo. Meli zile huja majira ya baridi tu, kuanzia mwezi wa kumi au wa kumi na moja hadi wa nne, kisha joto likianza zinakimbia na kutuacha wenyewe. Miezi ya joto walitutawanya kwenye madawati ya maelezo ya maduka makubwa, kuonyesha watu vyoo vilipo. Kwa hiyo nikisema nilifanya miaka tisa bandarini, mjue nusu yake niliifanya vyooni.

Siku ya kwanza nilikwenda nimejipaka wanja, nikidhani nitaitazama meli. Meli ilikuwapo, ndefu kama mtaa mzima, lakini sikupata hata dakika ya kuiangalia. Nilipangiwa nje, kwenye kibaraza cha kushushia abiria, chini ya Kutti. Kutti alikuwa mkubwa wa wachukuzi, Mhindi wa Kerala, mfupi, kiatu kimoja kimepasuka ubavuni ili kidole kipumue. Ndiye aliyenifunza kazi. Mabosi walinifunza kompyuta.

"Aunty, usitazame meli," aliniambia. "Meli haina shida. Tazama mlango wa gari."

Nikautazama mlango wa gari kwa miaka tisa. Anayeshuka kwanza na mikono mitupu huyo hana pasipoti, amemwachia mkewe. Mkewe anayeshuka na kupekua mkoba kabla hajakanyaga chini, huyo naye hana. Pasipoti zimo ndani ya sanduku kubwa, na sanduku kubwa limeshapakiwa torolini. Hili ndilo kosa la kila siku ya kuondoka. Watu hubandika lebo ya chumba kwenye mzigo, wakampa mchukuzi, wakashukuru, mzigo ukaingia kwenye mashine ya eksirei na kupelekwa melini, halafu wanafika kwangu na tabasamu na hawana karatasi hata moja. Ndiyo maana niliwafunza muombe kuona pasipoti kabla abiria hajaachia mpini wa sanduku. Uliza kama mama anavyomuuliza mtoto kama amekwenda chooni kabla ya safari, na usimwamini akisema ndiyo. Na mkiishika hiyo pasipoti, tazameni viza. Meli inatoka nchini na kurudi nchini, na mwenye ruhusa ya kuingia mara moja tu atajikuta wiki ijayo anatazama ghorofa za Dubai kutoka baharini.

Kuhusu maegesho sina siri. Kibaraza ni cha kushushia, maegesho ya siku nyingi yako upande wa pili wa uzio, na kuna kibao chenye mshale mkubwa kuliko mimi. Hata hivyo kila wiki palikuwa na bwana aliyefunga gari lake mbele ya mlango, akaweka ufunguo mfukoni, akataka kwenda baharini siku saba. Mwanzoni nilikuwa nabishana nao. Baadaye nikajifunza kulisifu gari. Nalizunguka taratibu, nasema, "Maashallah, gari zuri sana hili, sir. Sijui utalikuta wapi ukirudi." Hakuna aliyewahi kuniuliza nina maana gani. Walikwenda kuliegesha.

Jambo jingine ninalolikiri sasa kwa kuwa hakuna wa kunifukuza ni ile foleni maalumu. Wapo abiria wanaokuja wamekunja uso, wanauliza kama tunajua wao ni nani. Foleni maalumu haikuwapo. Mimi niliianzisha. Niliweka viti viwili kando ya nguzo, chungu chenye ua la plastiki, na fomu ya maoni yenye kurasa nne. Niliwapeleka pale kwa heshima zote, wakajaza, na walipomaliza foleni ya kawaida ilikuwa imekwisha, nami nikawahudumia wa mwisho huku nikiwaita kwa majina yao kamili. Wengi waliandika kwenye ile fomu kwamba huduma ni nzuri.

Lourdes, msimamizi wetu kutoka Manila, aligundua baada ya misimu miwili. Alikuwa mwanamke wa sheria, kalamu nyekundu sikioni, na fomu iliyojazwa vibaya ilimuuma kama jino. Alikivuta kiti kimoja, akakaa, akalitazama lile ua. "Mwana," akaniita kwa jina langu, "badilisha hili ua, lina vumbi." Tangu siku ile nilimpenda.

Sasa niwasimulie siku ya Bi. Nasra, maana mmeisikia vipande vipande na kila mtu anaiongezea chumvi yake.

Nilikuwa nimeshahamishiwa ndani, kaunta namba nne. Ilikuwa saa tisa alasiri, na orodha ya abiria ilifungwa saa kumi. Kabla sijawaona nilisikia honi nje, na Kutti akipiga kelele "Yalla, yalla, si hapa!" Zilikuwa gari tatu kutoka mtaa wa Rashidiya, zimeziba kituo cha mabasi, na ndani yake watu kumi na mmoja. Wanaosafiri walikuwa wawili. Tisa walikuja kuaga. Hapo nikajua ni watu wetu, maana wageni wengine huagana kwa simu. Walishuka na birika la kahawa, na mtungi wa maji ya zamzam, na mtoto mchanga ambaye ilibidi abusiwe na msafiri. Nilipotoka kuwaongoza nilisikia Kiunguja kile cha zamani, kilichonyooka, kama redio ya utotoni.

"Shikamoo bibi," nikamwambia mkubwa wao.

"Marahaba mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Mombasa, Kibokoni."

"Basi si mgeni," akasema, akanipa kikombe cha kahawa nikiwa kazini. Nilikinywa. Lourdes alikuwa anatazama upande mwingine.

Huyo ndiye Bi. Nasra. Aliingia Dubai zamani, akaolewa humo, akazeeka humo, lakini pasipoti yake ni ya Oman, kama jamaa zake wengi. Aliyefuatana naye ni mwanawe Salim, mtu wa makamo, mwenye duka la vipuri vya magari, aliyekuwa amemlipia mama yake safari ya siku saba katika chumba chenye roshani. Alinionyesha picha ya hiyo roshani mara tatu. Karatasi zao zilikuwa safi, pasipoti mkononi, lebo zimebandikwa sawasawa. Nilikuwa karibu kuwapa kadi za meli pale simu ya kaunta ilipolia. Ni mtu wa eksirei. Alikuwa ameona kitu ndani ya sanduku la abiria huyu na alitaka aje mwenyewe.

Nilikwenda nao. Kwenye kioo cha mashine paliwaka umbo la chuma, limepinda mbele, ncha yake pana na ina meno pande zote. Afisa alikuwa kijana mpole wa hapo hapo, lakini alikuwa amesimama mbali na lile sanduku.

"Hii ni silaha gani?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, kibao kile cha kukalia chenye ulimi wa chuma, kilichokuwa katika kila jiko nililokulia. Bi. Nasra alikuwa amekifunga kwa kanga mbili, juu yake ameweka nguo zake za ndani ili wanaume waone haya kukipekua. Mashine haina haya.

Nilimweleza afisa. Alinielewa, na akasikitika kwa dhati, lakini kanuni ilikuwa wazi: kitu chenye ncha hakiingii chumbani mwa abiria. Kitaandikwa kwenye fomu, kitafungiwa na afisa wa usalama wa meli, na mwenyewe atarudishiwa mwisho wa safari. Nikamfasiria bibi. Nilitarajia aseme haya, si neno. Badala yake akashika ukingo wa meza.

"Mwisho wa safari ni wapi?"

"Hapa hapa Dubai, bibi. Baada ya siku saba."

"Mimi nitakitaka Maskati. Kesho."

"Mama," Salim akasema, "Maskati tunashuka saa chache tu, tutaonana na khalati Zuwena tunarudi. Kibao utakipata hapa. Sikujua hata kama umekibeba!"

"Ungejua ungekitoa."

Akanigeukia mimi, akanieleza kwa sauti ya chini, kwa kuwa wale tisa walikuwa wamebanana mlangoni wakisikiliza. Zuwena ni mdogo wake, tumbo moja. Mama yao alipokufa Unguja, Bi. Nasra alikuwa anaondoka kuja huku kuolewa, akakibeba kile kibao. Zuwena akasema mama alimwachia yeye. Bi. Nasra akasema mama hakumwachia mtu, alikufa tu. Maneno yakazidi, na baada ya maneno yale hawakusema tena, si harusini, si matangani, miaka arobaini na kitu. Kupanda ndege daktari alimkataza kwa ajili ya masikio, kwa gari saa tano mgongo ulikataa, na yeye mwenyewe alishukuru kupata visingizio hivyo viwili. Mpaka mwezi uliopita.

"Kanipigia simu," akasema. "Yeye mwenyewe. Hakusalimu. Kasema, niletee mbuzi ya mama. Kakata."

"Na ukienda bila nayo?"

"Atasema nimekuja kumdhihaki. Mlango hataufungua. Namjua, ni kama mimi." Kisha akasema wazi, bila kulia, "Mwanangu, mimi na yeye hatuna miaka mingine ya kuchezea. Kama hakiingii, na mimi siingii."

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini na mbili.

Kutti alikuwa na desturi moja aliyonifunza siku zile za kibaraza: kanuni usiivunje, isome mpaka chini. Wengi wetu husoma mstari wa kwanza tukaanza kukataza watu. Nikaiomba ile karatasi ya afisa, nikavaa miwani, nikasoma mpaka maandishi madogo ya kule chini. Haikusema kitu kitarudishwa Dubai. Haikusema kitarudishwa safari ya meli ikiisha. Ilisema atarudishiwa mwenye mali katika bandari ya mwisho ya abiria.

Ya abiria. Nikavua miwani.

"Bibi," nikasema, "hizi siku saba unazitaka kweli?"

"Nani aliyesema nazitaka?"

"Ukishuka Maskati ukabaki kwa ndugu yako, Maskati ndiyo bandari yako ya mwisho. Kibao unapewa pale pale kwenye ngazi."

"Khalas," akasema Bi. Nasra.

Salim akaruka. "Mama, roshani! Nimelipia roshani!"

"Roshani nilizaliwa ndani yake. Kalale wewe."

Rahisi kusema. Kumbadilishia abiria bandari ya mwisho siku ya kuondoka kunataka ombi lake la maandishi, sahihi ya msimamizi, na kibali cha meli, vyote kabla orodha haijafungwa. Pasipoti yake ya Oman iliniondolea mzigo wa viza ya kubaki Maskati, alhamdulillahi. Ombi niliandika mimi, yeye akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kama mtu anayetarizi kofia. Lourdes alisoma kila neno, akanitazama, akalitazama birika la kahawa, akatia sahihi. Lakini meli haikupokea simu. Afisa wa usalama alikuwa kwenye zoezi la kuvaa maboya ya kujiokolea na abiria waliokwisha kupanda. Tulipiga mara tano. Saa tisa na dakika hamsini na tatu tulikuwa na karatasi mbili kati ya tatu.

Hapa ndipo nilipofanya lile lililomfanya Lourdes anionye kwa barua, na barua ninayo, nimeihifadhi vizuri. Orodha hufungwa saa kumi, ila kama kuna abiria bado anahudumiwa kaunta. Mkongwe yeyote wa kazi hii analijua hilo. Bi. Nasra hakuhesabika, maana yeye alikuwa anasubiri meli, si kaunta. Kaunta namba mbili palikuwa na bwana mmoja analalamika kwamba dirisha la chumba chake linatazama boti ya kuokolea watu. Mhudumu alikuwa anataka kumalizana naye, ampe kadi aondoke. Nikaenda nikamnong'oneza, "Mwache aseme yote." Kisha nikamgeukia yule bwana nikamuuliza, kwa huruma, kama ni mara yake ya kwanza kutendewa hivi na meli.

Haikuwa mara ya kwanza. Alinisimulia safari nne. Nilimuuliza rangi ya mapazia. Nilimletea fomu ya maoni. Saa kumi ikapita, na dakika nne, na saba, na vijana wa orodha wanapunga mikono, nami nawaonyesha kidole: abiria bado anahudumiwa. Wale tisa wa Rashidiya walikuwa wameelewa ninachofanya, na bibi mmoja kati yao akaanza kumpa yule bwana kahawa. Alikunywa vikombe viwili. Sijapata kumuona abiria aliyeridhika namna ile, na dirisha lake lilibaki linatazama ile boti.

Saa kumi na dakika kumi na moja meli ikaita. Lourdes ndiye aliyepokea. Nilisikia akisema "Confirmed, sir", akakata, akaiandika saa kwa kalamu nyekundu, akagonga muhuri bila kunitazama. Kutti mwenyewe alikibeba kile kibao hadi kwa afisa wa meli, kimefungwa tena kwa kanga zake mbili, na fomu imechomekwa juu. Bi. Nasra alipita langoni ameshika mkono wa Salim. Alinishika shavu, akaenda zake, na wale tisa wakapiga vigelegele ndani ya jengo ambalo limeandikwa kila ukuta kwamba kelele haziruhusiwi.

Wiki nzima sikujua kilichotokea. Nilihangaika, nasema kweli. Usiku nilikuwa nawauliza wenzangu fletini, mwadhani mlango alifungua? Wao walikuwa wanataka kulala.

Meli iliporudi, Salim alishuka wa kwanza, ameungua na jua pua nzima, amevaa fulana yenye mnanasi. Alikuwa peke yake. Nilimuuliza mara moja, hata salamu sikumaliza.

"Sikuona kitu, Bi. Mwana," akaniambia. "Maskati alinikataza kushuka. Alisema nibaki juu nile. Nilimwona kwa mbali tu anateremka ngazi, afisa nyuma yake kabeba kile kibao, na huko langoni kuna mtu mmoja kasimama na buibui. Halafu likaja lori la maji likaniziba. Mama kanipigia jana, kasema atarudi akichoka. Nikimuuliza zaidi anakata simu." Akajikuna ile pua iliyoungua. "Ile roshani ilikuwa nzuri sana, lakini."

Basi nikajua nitakufa sijui. Nikaendelea na kazi, maana abiria wa safari mpya walikuwa wameshaanza kushuka kwenye mabasi.

Saa sita mchana Lourdes alikuja na bahasha ya karatasi zilizorudi na meli. Alichomoa fomu moja, akaiweka mbele yangu, na ile kalamu nyekundu tayari imeshazungushia kitu.

"Hii ya kwako imeharibika, Mwana. Itabidi niirudishe. Sheria ni sahihi moja."

Niliivuta karibu. Maelezo ya kitu niliyaandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, ili yule afisa wa usalama wa meli, Mgiriki, asikipoteze. Chini yake afisa ameandika bandari, Maskati, na saa ya kukabidhi. Na kwenye mstari wa mwenye mali, penye nafasi ya jina moja, palikuwa na mawili kwa herufi za Kiarabu, yamebanwa hadi nje ya mstari. La kwanza lilikuwa limetulia: Nasra binti Khamis. La pili liliandikwa kwa nguvu hadi kalamu imetoboa karatasi: Zuwena binti Khamis.

Nilitokwa na machozi pale pale kaunta namba nne, foleni imefika mlangoni, na abiria wa mbele akadhani ni kwa ajili ya viza yake. Lourdes akaniuliza kuna nini. Nikamsomea majina, nikamwambia fomu haijaharibika, wenye mali ni wawili.

Lourdes aliirudisha kalamu nyekundu sikioni. Kisha akachukua muhuri, akaigonga.